Kifungo na Kishindo cha Bati

Fundi alikuwa na nyundo saba. Zilining'inia ukutani kwa mpangilio, kubwa kulia, ndogo kushoto. Moja ilikuwa ya mbao. Hiyo aliitumia kukunja kingo za bati bila kulitia makovu. Kila asubuhi alivaa aproni yake ya ngozi, akachagua nyundo, akaweka bati juu ya kipande cha reli, akaanza kugonga. Ikifika saa mbili, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba fundi yuko kazini.

Alitengeneza masanduku ya bati, ndoo, makarai na makopo ya kumwagilia bustani. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na mitatu. Ilimpa mikono migumu na masikio mazito. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Baba Kwanini," mke wake alizoea kumwambia, "mimi niko hapa hapa. Huna haja ya kunitangazia."

Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, karibu na dirisha, na pembeni yake palikuwa na meza pana ya kukatia vitambaa. Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na jina zuri tu alilopewa na nyanya yake, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu alipojua kusema, mtoto huyu aliuliza kwanza, akasalimia baadaye. Basi akaitwa Kwanini, na wazazi wake wakawa Baba Kwanini na Mama Kwanini.

Wa nne katika nyumba hiyo alikuwa Kifungo. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye doa moja jeusi la mviringo kifuani, kama kifungo cha koti. Tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa kwenye kofia, alilala chini ya meza ya kazi ya Fundi. Nyundo ilipiga, vipande vya bati vilidondoka, naye alitikisa sikio moja tu na kuendelea kulala.

Kisha ikaja siku ya upepo. Mabati mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, karibu ishirini. Upepo uliingia kwa nguvu, bati la mbele likateleza, na yote yakaanguka kwa mkupuo mmoja, hatua moja kutoka pale alipolala Kifungo. Hayakumgusa. Lakini mbwa aliruka, akapiga kichwa kwenye meza, akakimbilia chumba cha nyuma na kujibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alitetemeka mpaka jioni.

Tangu siku hiyo Kifungo hakuwa yule yule. Nyundo ikilia, alikimbia. Mlango ukijibamiza, alikimbia. Pikipiki ikipita na kutoa mlio, alikunja mkia katikati ya miguu na kuhema kama aliyetoka kupanda mlima.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema Mama Kwanini.

"Unyasi gani?" alisema Fundi. "Huyu amezaliwa ndani ya kelele. Anadeka tu."

"Kwanini adeke sasa, baba, na hakudeka zamani?" aliuliza Kwanini.

Mtu asipokuwa na jibu hutafuta methali. "Dawa ya moto ni moto," alisema Fundi. "Akikaa karibu na kelele, atazoea. Mimi mwenyewe nilizoea hivyo hivyo."

Kesho yake alimfunga Kifungo kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kazi, akaanza kugonga.

Siku ya kwanza Kifungo alivuta kamba mpaka shingo ikachubuka. Siku ya pili alitoa ute mdomoni na kulialia. Siku ya tatu alilala kimya, kichwa chini, bila kusogea hata kidogo.

"Mmeona?" Fundi alitangaza. "Amezoea!"

Kwanini alichuchumaa akamtazama mbwa kwa muda mrefu. "Kama amezoea, baba, kwanini hajala tangu jana?"

Siku ya nne, katikati ya asubuhi, Fundi alipiga nyundo kubwa kwenye kona ya sanduku. Kamba ikakatika. Kifungo alipita mlangoni kama jiwe la manati na kuingia barabarani. Lori lilikuwa linakuja. Magurudumu yalilia, vumbi likatimka. Dereva alitoa kichwa dirishani akatukana mpaka akaishiwa maneno.

Kifungo hakuguswa. Walimkuta baada ya saa nzima, amejificha nyuma ya pipa la taka la duka la pembeni. Fundi alimbeba mpaka nyumbani. Jambo lililomuuma zaidi halikuwa lori. Alipoinama kumchukua, mbwa alisogea nyuma. Alimwogopa yeye.

Jioni hiyo mlinzi wa ghala la mbao alipita kununua ndoo ya kupeleka kwao likizoni. Walijuana miaka mingi. Akasikia habari yote.

"Nipe mimi," alisema. "Pale ghalani tunataka mbwa wa kufunga getini. Mnyororo mnene, hawezi kukata. Au mpe nusu ya kidonge changu cha usingizi, atatulia kama maiti."

"Usitaje maiti kwenye nyumba yangu," alisema Mama Kwanini.

Fundi alimtazama Kifungo, kisha akaitazama barabara. Safari ijayo huenda lori lisisimame. Na gari likimkwepa mbwa, linaweza kumgonga mtoto wa mtu.

"Unarudi lini kutoka likizo?" aliuliza.

"Naondoka kesho. Baada ya wiki tano nitakuwa hapa."

"Basi ukirudi, njoo. Ukikuta bado anakimbilia barabarani, mchukue."

Kwanini aliinuka na kwenda chumba cha nyuma bila kuuliza swali lolote. Hapo ndipo baba yake alipojua kwamba ameumia kweli.

* * *

Siku mbili baadaye daktari wa mifugo alileta sanduku lake la bati litengenezwe bawaba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, na alizungumza polepole kama anayepima kila neno. Aliiona kamba iliyokatika kwenye mguu wa meza.

"Hii ilifunga nini?"

Fundi alisimulia. Alitarajia kulaumiwa. Daktari hakumlaumu. Aliuliza maswali: Ilianza lini? Kabla ya hapo alikuwaje? Anakula? Anajikuna masikio? Anakimbilia wapi akiogopa? Kisha akaenda chumba cha nyuma, akaketi sakafuni mbali kidogo na meza ya kukatia vitambaa, akangoja. Baada ya dakika kumi Kifungo alitoka mwenyewe akamnusa mikono. Ndipo daktari akamchunguza masikio, meno, shingo na miguu.

"Kwanini umeanza na masikio?" aliuliza Kwanini.

"Swali zuri. Mbwa mwenye maumivu huogopa sauti haraka zaidi. Sikio likiwa na kidonda, au kiungo kikiuma, kushtuka kunamuumiza. Kwa hiyo kabla ya kusema ni hofu tu, tunahakikisha haumwi. Huyu haumwi. Ana mchubuko wa shingo, nao utapona. Ana hofu."

"Lakini daktari, nilimfunga ili azoee," alisema Fundi. "Na siku ya tatu alitulia."

"Fundi, hebu nikuombe kitu cha ajabu. Ingia chini ya meza yako ya kazi. Pale anapolala yeye."

Fundi alicheka. Mke wake alikuja mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, kuona kioja hicho. Fundi akaingia chini ya meza, akajikunja. Daktari akachukua nyundo kubwa, akapiga bati mara moja tu.

Fundi aliruka akajigonga kichwa.

"Umeisikiaje?"

"Imenipita mpaka kwenye meno," alisema Fundi akisugua utosi.

"Na masikio yako yamechoka. Miaka ishirini na mitatu! Mbwa anasikia sauti nyembamba ambazo mimi na wewe hatuzisikii kabisa. Bati lina sauti hizo nyingi. Sasa jifikirie umefungwa hapo kwa kamba, na anayepiga ni mtu unayempenda."

Fundi alibaki chini ya meza kwa muda. Hakuwa na haraka ya kutoka.

"Kutulia siku ya tatu hakukuwa kuzoea," daktari aliendelea. "Alikata tamaa. Mbwa aliyezoea hula, hulala ubavu, hunyoosha miguu. Mbwa aliyekata tamaa hulala kama jiwe. Kumfunga karibu na kelele huongeza hofu. Kumpiga au kumfokea pia huiongeza."

"Mlinzi alitaka kumpa kidonge chake cha usingizi," alisema Kwanini.

"Msimpe dawa ya binadamu hata kidogo. Inaweza kumuua. Zipo dawa za mbwa kwa hofu kubwa sana, lakini hizo nitatoa mimi, tukiona zinahitajika. Kwanza tujaribu njia ya kawaida."

"Ipi?"

"Mambo mawili. La kwanza, mpeni mahali pa kujificha, pa utulivu, ambapo ataingia na kutoka apendavyo. La pili, mfundisheni upya kwamba sauti ya nyundo huleta jambo jema. Lakini kwa hatua ndogo ndogo. Na wewe, Kwanini, nina kazi yako. Kwa siku tatu, andika kila anapoogopa. Andika pia nini kilitokea kabla ya kuogopa. Kabla, umenisikia?"

* * *

Fundi alifurahi kupata kazi ya mikono. Mahali pa kujificha? Hiyo ilikuwa kazi yake. Alichukua mabati mawili mazuri kuliko yote. Alikata, akakunja, akapiga ribiti. Kwa siku mbili alijenga banda la mbwa ambalo mfano wake mtaa ule haukuwahi kuuona: lenye paa la mgongo, mlango wa bawaba, komeo linalong'aa, hata kidirisha cha nyota. Majirani walikuja kulitazama.

Alipomaliza alimwita Kifungo. Mbwa alitoa pua mlangoni, akaliona banda, akarudi ndani.

"Atalizoea," alisema Fundi.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Matone yalipiga paa la banda jipya, na banda likanguruma uani kama magari yanayopita juu ya daraja la chuma. Familia ilisimama mlangoni ikisikiliza.

"Baba," alisema Kwanini taratibu, "kwanini umemjengea ngoma?"

Mama Kwanini aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Fundi alilitazama banda, akamtazama binti yake, akalitazama banda tena. Kisha akaanza kucheka mwenyewe, kicheko kikubwa cha mtu mwenye masikio mazito, mpaka machozi yakamtoka.

"Mbwa anaogopa bati," alisema, "na mimi nimekwenda kumfunika bati! Tena nimeligonga siku mbili mfululizo!"

"Mwenye nyundo huona misumari tu," alisema mke wake. "Njoo huku nikuonyeshe. Daktari aliuliza anakimbilia wapi. Mbona jibu tunalo?"

Alimpeleka chumba cha nyuma, akainua kitambaa kilichoning'inia kwenye meza ya kukatia. Kifungo alikuwa amelala pale, kwenye giza, juu ya mabaki ya vitambaa. Chumba hicho kilikuwa mbali na karakana. Kuta zake zilikuwa nene, na marobota ya nguo yalimeza sauti.

"Amekwisha kuchagua mwenyewe," alisema Mama Kwanini. "Sisi tumfuate."

Fundi alileta kasha la mbao lililokuja na mashine ya jirani, akaondoa misumari, akapiga msasa kingo. Kazi hiyo yote aliifanya nje, mbali, na kwa mkono. Mke wake alitandika blanketi kuukuu ndani yake, akashona pazia zito la tabaka tatu na kulining'iniza mlangoni, likiacha uwazi upande mmoja. Hawakuweka komeo. Walilisukuma kasha chini ya meza, wakaweka bakuli la maji karibu, wakaondoka. Kifungo aliingia kabla hawajafika mlangoni.

Banda la bati lilipata wapangaji wengine. Kuku wa jirani hawakujali kelele.

* * *

Daftari la Kwanini lilijaa kurasa nne. Jioni ya siku ya tatu aliwasomea wazazi wake.

"Mlango kujibamiza: alikimbia. Pikipiki: alisimama, akajilamba pua, akapiga miayo."

"Miayo? Alikuwa na usingizi," alisema Fundi.

"Hapana, baba. Daktari ameniambia kwenye simu. Mbwa akipiga miayo bila usingizi, akijilamba pua bila chakula, na masikio yakilala nyuma, ni hofu inaanza. Kutetemeka huja baadaye." Alifungua ukurasa mwingine. "Sasa hii. Jumatatu asubuhi: alitetemeka. Kabla, hakukuwa na sauti. Jumanne asubuhi: alitetemeka. Hakukuwa na sauti. Jumatano vile vile. Nimejiuliza, kwanini anaogopa kabla ya nyundo? Leo nimekaa nikatazama. Baba, anaogopa ukivaa aproni."

Fundi aliitazama aproni yake iliyoning'inia msumarini. Ngozi yake ilikuwa imechukua umbo la kifua chake.

"Kwa hiyo anajua," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. "Nikivaa ile, anajua nini kinakuja."

"Ndiyo maana daktari alisema niandike kinachotangulia."

"Basi tutaanza na aproni," alisema Fundi.

Mama Kwanini alichemsha ini, akalikata vipande vidogo kama ukucha wa kidole kidogo. Ini hilo lilitengwa kwa kazi hii peke yake. Asubuhi Fundi aliketi uani, aproni imelazwa chini hatua kumi mbele yake. Kifungo alipoitazama aproni, Kwanini alimpa kipande cha ini. Alipoitazama tena, kipande kingine. Walifanya hivyo kwa dakika tano, wakaacha. Jioni tena dakika tano. Siku ya tatu aproni ilikuwa mapajani mwa Fundi. Siku ya sita aliivaa, akasimama, akaivua. Hakushika nyundo. Kila mara ini lilikuja baada ya aproni. Siku ya nane Fundi alipochukua aproni msumarini, Kifungo aliinua masikio na kumtazama Kwanini usoni, kama anayeuliza kulikoni ini linachelewa.

Ndipo wakaingia kwenye sauti. Hapa Fundi alijua kitu ambacho hata daktari hakukijua. Alizijua sauti za nyundo zake kama mpishi anavyojua viungo. Alipanga ngazi. Kwanza nyundo ya mbao juu ya gunia lililokunjwa. Kisha nyundo ya mbao juu ya ubao. Kisha juu ya bati lililowekwa juu ya gunia. Nyundo ya chuma ingekuja mwisho kabisa. Kwanini alichora mistari ya chaki uani, kuanzia ukuta wa nyuma mpaka mlango wa karakana. Mistari ilikuwa kumi na minane, hatua moja moja, wa kwanza karibu na ukuta alipoketi Kifungo.

Fundi alipiga gunia mara moja kutoka mstari wa kumi na nane. Gunia likalia pu. Kifungo aligeuza kichwa. Ini likaja.

"Sauti kwanza, ini baadaye," Kwanini alikumbusha. "Ini likitangulia, hatajua sauti ndiyo inalileta."

"Sawa, mwalimu."

Kazi halisi ilibidi iendelee, maana wateja hawangoji mbwa. Waliipanga. Fundi alikusanya kugonga kote kuzito katika saa tatu za asubuhi. Kabla ya hapo Kwanini alimtembeza Kifungo mbali, mpaka mbwa akajisaidia na kuchoka vizuri. Kisha mbwa alikaa na Mama Kwanini chumba cha nyuma. Mlango na dirisha vilifungwa, redio ilizungumza kwa sauti ya wastani kufunika kishindo, na lango la uani lilikuwa na komeo. Mabati mapya hayakuegemezwa tena ukutani. Yalilazwa chini.

Mambo yalienda vizuri, na mambo yakienda vizuri mtu hujisahau. Wiki ya tatu Kifungo alikuwa anakula akisikia nyundo ya mbao juu ya ubao kutoka mstari wa kumi. Fundi alihesabu siku zilizobaki kabla mlinzi hajarudi. Akaruka mpaka mstari wa tatu, akachukua nyundo ya chuma, akapiga bati.

Kifungo aliruka akaingia ndani. Ini lilibaki chini. Siku nzima hakutoka.

Fundi alimpigia daktari simu akijieleza kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mbwa akikataa chakula anachokipenda," daktari alimjibu, "anakwambia umekwenda mbio. Mpumzishe siku moja. Kisha rudi kwenye mstari aliokuwa na raha, na nyundo ile ile ya mbao. Hujaharibu kila kitu, fundi. Umepoteza siku chache tu."

"Lakini mlinzi atarudi."

"Kifungo hajui kalenda," alisema daktari.

Wakarudi mstari wa kumi na mbili. Hatua moja kwa siku, au nusu. Siku nyingine hakuna hatua kabisa.

Katika wiki hiyo hiyo radi ilipiga mchana. Kifungo aliingia kwenye kasha lake. Fundi aliacha kazi akaenda kuketi sakafuni karibu na pazia. Baada ya muda pua ilitoka, kisha kichwa, kikalala juu ya goti lake. Kilikuwa kinatetemeka. Fundi aliweka mkono wake mgumu shingoni mwa mbwa akampapasa polepole.

"Ukimbembeleza hutamfundisha woga?" aliuliza mke wake kutoka kwenye cherehani.

"Nilimuuliza daktari hilo. Anasema woga si utundu. Huwezi kuulea kwa kumfariji mtu. Wewe ulipokuwa unajifungua Kwanini, nilikushika mkono. Je, uliumwa zaidi?"

"Ulinishika kwa nguvu mno. Kidogo niliumwa."

Wakacheka, wote wawili, kwa sauti ndogo. Radi ilipita.

* * *

Mlinzi alirudi siku ya Jumamosi, alasiri. Alibeba mnyororo mpya begani. Alipita lango la uani, akaliacha wazi nyuma yake.

Fundi alikuwa kwenye mstari wa nne, na nyundo ya mbao mkononi. Alikuwa hajafika kwenye nyundo ya chuma. Kifungo alikuwa amelala ubavu kivulini, miguu imenyooka.

"Bado yupo?" aliuliza mlinzi. "Amepona?"

"Anaendelea," alisema Fundi. "Hajamaliza."

"Wiki tano, hajamaliza?" Mlinzi alicheka, akaegemea sanduku kubwa lililokuwa linangoja mteja wake. Kifuniko chake kilikuwa wazi. Kiwiko cha mlinzi kikakigusa, na kifuniko kikajibamiza: kwaa!

Kifungo alikuwa amesimama kabla sauti haijaisha. Masikio nyuma, mkia chini. Mbele yake kulikuwa na lango wazi, na ng'ambo ya lango barabara. Pikipiki zilikuwa zinapita.

Kwanini alifungua mdomo. Baba yake aliinua kidole, naye akaufunga. Fundi hakupiga kelele. Hakukimbia. Alitaka kukimbia kuliko kitu chochote duniani, lakini alijua kwamba mtu anayekimbizwa hukimbia zaidi.

Mbwa alitazama lango. Akamtazama Fundi. Kisha akageuka, akapita mlango wa nyumba kwa mwendo wa haraka, na wakasikia pazia zito likisuguana na mbao.

Kwanini alikwenda kufunga lango. Akatia komeo.

"Kumbe bado anakimbia," alisema mlinzi.

"Anakimbia," alisema Fundi. "Lakini umeona alikokimbilia?"

Mama Kwanini alileta chai, wakanywa wamesimama. Hakuna aliyemwita mbwa. Chai ilikuwa inakaribia kwisha, ndipo Kifungo alipotokea mlangoni. Alisimama. Alipiga miayo, akajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini. Kisha akaja polepole, hatua kwa hatua, shingo ameinyoosha, mpaka kwenye lile sanduku. Alilinusa kona ya kwanza. Alilinusa kifuniko. Akazunguka akalinusa upande wa pili, kwa makini, kama mnunuzi asiyetaka kudanganywa. Kwanini aliweka kipande cha ini juu ya kifuniko. Kifungo akakila, akaketi karibu na buti la Fundi.

Fundi alikuwa bado amevaa aproni.

"Huyu haendi," alisema.

Mlinzi aliushusha mnyororo begani, akauweka chini taratibu, kiungo baada ya kiungo, usilie. Alikuna kidevu.

"Pale ghalani," alisema mwishowe, "tuna mbwa mmoja. Msumeno ukiwashwa tu, anajichimbia nyuma ya mbao. Siku zote namwita mvivu. Ndiyo maana nilitaka huyu wako." Alimtazama Kifungo. "Hebu niambie tena hiyo habari ya chaki na ini."

Fundi alimvutia kigoda, akaketi mbele yake.

"Kwanza nijibu," alisema. "Umemfunga?"